Makapi ya Teodora

Asubuhi ile soko la Mkuyuni liliamka kama siku nyingine zote. Wauza nyanya walikuwa wakipanga mafungu yao, mashine ya kusaga ilikuwa imeanza kunguruma, na upepo kutoka ziwani ulileta harufu ya dagaa walioanikwa mahali fulani huko chini. Modesta, ambaye wengi walimwita Mama Rebeka, alifuta vumbi kwenye meza yake na kupanga dawa zake vilevile alivyozipanga miaka yote: unga wa mlonge mbele, tangawizi kavu na ubuyu pembeni, mafuta ya mkaratusi nyuma, na juu kabisa, mahali ambapo jua lingevifanya ving'ae, vikopo vya virutubisho vyenye picha ya mwanamume mwenye kifua kipana.

Alikuwa na dawa ya tumbo kujaa gesi, ya mafua, ya mgongo, ya mtoto asiyependa kula. Alijua pia kuzieleza. Zamani, Modesta alipoanza kueleza kazi ya mlonge mwilini, hata mtu aliyekuja kununua vitunguu alisimama kusikiliza.

Sasa alimaliza kupanga, akainua macho. Ng'ambo ya njia watu walikuwa wameshakaa kwenye benchi la Teodora wakisubiri. Teodora mwenyewe alikuwa hajafika.

"Mayu, usiwaangalie hivyo, utawaunguza," alisema Luhaga, Msukuma aliyeuza mkaa hapo jirani na kumwita kila mama "mayu".

"Nani anawaangalia? Mimi naangalia njia."

"Basi njia hiyo ina bahati. Mimi nakaa hapa miaka yote, hujawahi kuniangalia hivyo."

Modesta hakucheka. Alichukua kopo moja la virutubisho, akaligeuza, akalirudisha palepale lilipokuwa.

Teodora alikuja Mkuyuni akitokea upande wa Sengerema, mwaka ule daraja la Kigongo lilipofunguliwa. Alikuja na kikapu, sufuria na benchi, basi. Hakuwa na bango wala kipaza sauti. Alikuwa mdogo kwa Modesta kiumri, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Mgonjwa akikaa, Teodora alimuuliza kinachomuuma, kisha alinyamaza mpaka mtu amalize kueleza, hata kama maelezo yalianzia msiba wa mwaka juzi. Dawa hakumpa mtu ambaye hajamwona kwa macho yake. Huwezi kutuma, huwezi kumnunulia mwenzio.

Kimya kile cha Teodora ndicho kilichomkera Modesta kuliko yote. Yeye alitoa maneno mpaka koo likakauka, na watu wakapita. Mwenzake alinyamaza, na watu wakakaa.

Alijaribu kula chakula cha mchana akiwa ameipa njia mgongo. Haikusaidia. Bila kugeuka aliwajua waliokaa kwenye benchi lile kwa sauti zao. Alijua siku Teodora alipovaa kitenge kipya. Alijua Mzee Odongo, mvuvi mstaafu aliyekuja zamani akiegemea fimbo kwa sababu ya magoti, sasa alikuwa anapita sokoni akiwa ameiweka fimbo begani kama jembe. Alijua Aluoch, yule mjane ambaye mume wake alizama ziwani na tangu hapo hakupata usingizi, sasa alikuwa anasinzia kanisani kama watu wengine. Kila aliyepona, Modesta alihisi kama amenyang'anywa kitu chake mkononi.

Kisha Dorcas naye akahamia kwa Teodora. Dorcas alikaanga samaki karibu na stendi, na kiungulia chake kilikuwa mteja wa Modesta kwa miaka.

"Shoga, usinune," Dorcas alisema alipopita. "Moto wa kifuani umezimika kabisa. Nakula hadi pilipili."

"Nimefurahi," alisema Modesta.

"Hata Rebeka ungemleta kwa Teodora. Kile kikohozi kimezidi. Watu wanasema, huyu anauza dawa ya kikohozi, mwanawe anakohoa kama gari bovu!"

Alicheka, akamgonga Modesta begani kwa urafiki, akaenda zake. Hakuwa na nia mbaya. Lakini maneno yale yalibaki pale kwenye meza, kati ya mlonge na ubuyu, mpaka jioni.

Kwa sababu ilikuwa kweli. Rebeka, binti wa pekee wa Modesta, alikohoa tangu vumbi la kiangazi lilipoanza. Mama yake alimpa asali na tangawizi, akampa mvuke wa mkaratusi, akampa vidonge vya kwenye kopo linalong'aa. Alimpeleka zahanati pia, wakampa dawa ya maji. Kikohozi kilipungua kidogo, kisha kikarudi na nguvu mpya. Mtoto alikuwa amekonda. Akikohoa, mbavu zake zilionekana moja moja, na baadaye alimtazama mama yake kama anayeomba msamaha.

Ng'ambo ya njia palikuwa na mtu ambaye pengine angeweza kumsaidia. Hatua chache tu. Modesta angevuka na mtoto, akae kwenye benchi kama wengine, mbele ya Dorcas, mbele ya Luhaga, mbele ya soko zima.

Hakuvuka.

Juu ya soko, pale njia ya kwenda mlimani inapogawanyika, kuna jiwe kubwa lililopasuka katikati. Mwanza ni mji wa mawe na hakuna anayeshangaa jiwe. Watoto huteleza juu yake, akina mama huanika mihogo. Juu ya jiwe lile hakuna aliyeanika kitu. Teodora aliwaelekeza wagonjwa wake hivi: dawa ikiisha, makapi, yaani yale magome na mizizi inayobaki chunguni, usiyatupe jalalani. Yafunge kwenye jani la mgomba, yapeleke kwenye jiwe, yadondoshe kwenye ufa. Sema kilichokuwa kinakuuma. Kisha rudi bila kugeuka. Watu walifuata agizo hilo kama wanavyofuata agizo la kunywa dawa baada ya kula, bila kuuliza sana.

Modesta alisikia agizo hilo mara nyingi. Siku moja likamletea wazo, na wazo lenyewe lilikuwa la kibiashara kabisa. Mtu wa dawa anayajua makapi. Gome lina nyuzi zake, mzizi una mviringo wake, jani hata likichemshwa huacha mishipa. Akiyapata makapi ya Teodora, atajua dawa za Teodora. Zaidi ya hapo, kila anayechemsha magome anajua kwamba hayaishi nguvu mara ya kwanza. Huchemshwa tena, na tena, mpaka maji yatoke meupe. Watu huyatupa mapema kwa uvivu tu.

Jumamosi mchana, jua likiwa kali na njia ikiwa tupu, alipanda hadi kwenye jiwe. Alitazama huku na huku. Akaingiza mkono kwenye ufa.

Nje jiwe lilichoma kama kikaango. Ndani palikuwa na baridi.

Alitoa furushi la kwanza, la pili, la tatu. Alilala kifudifudi ili mkono ufike mbali zaidi, akachota mpaka vidole vyake vilipogusa sakafu ya ufa, kisha akakwangua hata vilivyokuwa chini kabisa. Alitia vyote kwenye kikapu, akafunika kwa kanga. Kitu kimoja kilimshangaza kidogo. Majani ya juu yalikuwa mabichi na ya chini yalikuwa yameoza hadi kuwa udongo, lakini makapi yenyewe, ya juu na ya chini, yote yalikuwa na unyevu, kama yametoka chunguni asubuhi ile.

Nyumbani aliyamwaga kwenye ungo, akayachambua. Tangawizi. Mkaratusi. Mzizi wa mlonge. Aliyanusa, akayavunja, akarudia tena. Vilevile! Vitu vilevile vilivyokuwa juu ya meza yake! Palikuwa na gome moja tu jekundu asilolijua, na gome hilo lilikuwa kila mahali, vipande vidogo vidogo vilivyochanganyika na vingine vyote.

"Ndilo hilo," alijisemea. "Amejificha nyuma ya gome moja."

Kulichambua lote lisibaki hata kipande kungechukua siku nzima. Akaona bora ayachemshe yote pamoja. Alipoonja, hayakuwa machungu. Akampa Rebeka kikombe kizima.

Rebeka alikunywa polepole. Alipomaliza alikiangalia kikombe ndani.

"Mama, nani mwingine ametumia kikombe hiki?"

"Hakuna. Ni chako peke yako."

"Sawa," alisema Rebeka. Lakini alikifuta ukingoni kwa kidole, kama mtu anayefuta alama ya mdomo wa mwingine.

Jioni ile hakukohoa. Jumapili hakukohoa. Kwaya ya watoto iliimba, na sauti ya Rebeka ikapanda safi mpaka waumini wakageuka. Machozi yalimtoka Modesta. Hata hivyo, katikati ya furaha yake, macho yake yalizunguka kanisa zima kumtafuta Teodora. Alitaka asikie. Alimwona benchi la nyuma, ametulia, anatabasamu na kupiga makofi pamoja na wengine, na tabasamu lile likamchoma. Moyoni alishaamua: kesho ataijaza dawa hii kwenye chupa na kuipanga mbele kabisa, mahali pa mlonge.

Waliporudi nyumbani Rebeka alitaka kuinuka kutoka kwenye mkeka, akasita. Alishika goti kwa mikono miwili. Akaguna.

"Ee, magoti haya."

Modesta alicheka. "Unamwigiza Mzee Odongo? Siyo vizuri kuwaigiza wazee."

Rebeka hakucheka. Alisema tena, mara hii kwa Kijaluo, sentensi ndefu, kwa uchovu wa mtu aliyevuta nyavu maisha yake yote. Rebeka hakujua Kijaluo. Kisha alijikokota hadi mlangoni, mguu mmoja ukiburuzwa nyuma.

Chakula hakukigusa. Alijisugua kifuani. "Hapa, kama moto," alisema, akageuza uso na kutema mate pembeni, kwa namna ileile Dorcas alivyokuwa akitema.

Baadaye alikaa kwenye kizingiti, akalitazama ziwa kati ya mapaa ya nyumba. Modesta alimtandikia alale mchana kidogo. Hakulala. Hata kope hakupepesa.

"Unaangalia nini, mwanangu?"

"Mtumbwi wake haujarudi."

"Wa nani?"

Rebeka aligeuka. Alimtazama mama yake kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto asiyejua msiba.

Asubuhi Modesta alimpeleka hospitali. Walimpima damu, wakamsikiliza kifua, wakamgongagonga magoti. Daktari alisema mtoto ni mzima, huenda amechoka tu. Walipotoka, Rebeka alimshika mama yake mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu. Kilikuwa na sugu.

Usifikiri kwamba Modesta alijilaumu. Wivu una namna yake ya kupanga mambo. Njia nzima ya kwenda sokoni alijieleza jinsi ilivyokuwa: Teodora alijua. Teodora alimtegea. Mtu gani mwema huweka dawa kwenye jiwe? Kuna neno moja la kumwita mtu wa namna hiyo, na kila mtu anajua neno hilo hufanya nini huku kwetu. Likitamkwa sokoni kwa sauti halirudi tena. Anayetajwa hufungasha vyake siku hiyohiyo, akiwa na bahati. Asipokuwa na bahati hapati hata nafasi ya kufungasha.

Aliliweka neno lile mdomoni kama mtu anavyoweka peremende chini ya ulimi. Njiani, nusu yake iliogopa kwa ajili ya mtoto. Nusu nyingine, ni lazima isemwe, ilikuwa inaliona benchi lile ng'ambo likiwa tupu.

Walipofika, Rebeka aliuachia mkono wake. Aliinama, akashika goti, akavuka njia polepole. Waliokuwa kwenye benchi walimpisha wakicheka, naye akaketi akiguna.

"Jamani, huyu kamchukua Mzee Odongo mzimamzima!" alisema Dorcas, naye akacheka hadi akashika mbavu.

Teodora aligeuka kutoka kwenye sufuria yake. Hakucheka. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, jinsi alivyowatazama wagonjwa wake wote. Kisha alikunja magoti kidogo, kwa adabu.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba," alijibu Rebeka.

Kicheko kilikatika. Mtu mmoja kwenye benchi alisimama, akasogea pembeni.

Modesta alifika akihema. Watu walikuwa wanakusanyika. Luhaga aliacha mkaa wake. Teodora alimsogelea, akanong'ona ili wengine wasisikie.

"Mama Rebeka. Uliokota?"

Modesta alimwangalia mwanawe.

"Uliokota kwenye jiwe?"

"Kuna nini?" Dorcas aliuliza kwa sauti. "Mama Rebeka, sema! Amemfanya nini mtoto?"

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yenyewe. Soko zima lilikuwa limenyamaza, linamngojea yeye, linamsikiliza yeye, kama zamani. Modesta alifungua mdomo.

Rebeka aliguna. Aligeuza uso, akatema mate pembeni, akajisugua kifuani kwa ngumi. Dorcas aliona. Mkono wake mwenyewe ulipanda kifuani bila yeye kujua, naye akarudi nyuma.

"Mama," alisema Rebeka, na safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, kama inatoka chumba cha ndani. "Mama, tuko wengi."

Neno lile likamfia Modesta mdomoni.

"Niliokota," alisema. Alisema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Nilikuonea wivu, Teodora. Niliyaokota, nikayachemsha tena, nikampa mwanangu. Msaidie."

Teodora alifunika sufuria yake.

"Twende," alisema. "Chukua yote yaliyobaki."

Modesta alikimbia nyumbani kuchukua kikapu na sufuria, na Luhaga akambeba Rebeka mgongoni. Mtu yule alizoea kubeba magunia ya mkaa tangu ujana wake, na alikuwa akijisifu kwa hilo. Hata hivyo, kabla ya kufika nusu ya kilima jasho lilikuwa linamtiririka na miguu inatetemeka. Alimshusha palepale kando ya njia.

"Mayu," alinong'ona, "mbona ni mzito hivi? Ni kama nimebeba watu."

Hakusogea tena. Alibaki pale chini, amewapa mgongo, nao wakamkokota mtoto hadi kwenye jiwe.

Jua la alasiri lilikuwa jeupe. Hapakuwa na ndege. Modesta alimwaga makapi kwenye ufa, kisha maji ya dawa yaliyobaki. Yaliingia bila sauti.

"Halafu?" aliuliza.

"Sijui," alisema Teodora.

"Hujui?"

"Mimi nilifundishwa kutupa. Kuokota sikufundishwa." Alimtazama Rebeka aliyekaa juu ya kijiwe, mabega yameinama kama ya bibi. "Nafikiri wale waliomo ndani yake wanadhani yeye ndiye aliyewachukua. Waambie ukweli. Mmoja mmoja."

Modesta alipiga magoti mbele ya mtoto wake.

"Magoti ya Mzee Odongo," alisema. "Aliyewaokota ni mimi, siyo mtoto. Njooni kwangu."

Maumivu yaliingia. Yaliingia kwa goti la kushoto, kisha la kulia, kama misumari. Modesta alipiga kelele. Rebeka alinyoosha mguu.

"Endelea," alinong'ona Teodora.

"Kiungulia cha Dorcas. Aliyekuokota ni mimi. Njoo kwangu."

Moto ulimpanda kooni.

"Usingizi aliokosa Aluoch. Aliyekuokota ni mimi."

Rebeka alipepesa kope. Aliziba mdomo akapiga mwayo. Modesta alihisi macho yake yanakauka, na huzuni isiyokuwa yake ikamkalia kifuani, huzuni ya mtumbwi.

Teodora alimtajia wengine. Mgongo wa fundi cherehani. Kichwa cha mama muuza mchicha. Tumbo la dereva. Modesta aliita, akapokea. Alikuwa amelala chini sasa, shavu kwenye udongo. Kila alipoita mmoja, uso wa mtoto ulirudi kidogo. Mabega yalinyooka. Viganja vikalainika.

"Wamekwisha," alisema Teodora. "Wangu wote wamekwisha."

Rebeka alitabasamu. "Mama, nina kiu."

Teodora alimpa chupa ya maji. Mtoto alianza kunywa, na koo lake lilikuwa linapanda na kushuka.

"Na mimi?"

Sauti ilikuwa ya mtoto. Mdogo kuliko Rebeka. Ilikuwa karibu sana.

Rebeka alikuwa bado anakunywa. Midomo yake ilikuwa imebana chupa.

Teodora alishika mkono wa Modesta. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Ulimsahau nani?" Modesta alinong'ona.

"Hakuna."

"Basi huyo nani?"

"Huyo si wangu." Teodora hakuhamisha macho yake kutoka kwenye ufa. "Ulichota mpaka wapi?"

"Mpaka chini."

"Chini kabisa?"

"Chini kabisa."

"Mimi jiwe hili nililikuta hapa," alisema Teodora. "Sikuwahi kuuliza nani alilitumia kabla yangu."

Maji yalikuwa yameisha kwenye chupa. Rebeka aliishusha, na macho yake yakaanza kupoteza mwanga taratibu.

"Na mimi, mama?"

Modesta hakujua jina lake. Hakujua ni maumivu ya wapi, wala ya mwaka gani. Alijua tu kwamba mtoto wake anaondoka tena mbele yake. Akanyoosha mikono miwili.

"Na wewe," alisema. "Aliyekuokota ni mimi. Mwache huyu. Njoo kwangu."

Alisubiri maumivu.

Hayakuja. Hakuhisi kitu popote. Upepo ulivuma kutoka ziwani, ndege mmoja akalia, na Rebeka akauliza kwa nini wamekaa juani wakati kivuli kipo. Waliteremka bila kugeuka nyuma.

Hayo yalipita. Magoti ya Modesta yalimsumbua msimu mzima wa mvua, kisha yakapoa. Kiungulia kiliisha. Usingizi ulirudi. Rebeka alinenepa, kikohozi hakikurudi, na sauti yake kwenye kwaya sasa inajulikana Mwanza nzima. Benchi la Teodora limehamishiwa upande huu wa njia, kando ya meza ya Modesta. Mmoja anaeleza, mwingine ananyamaza, na wagonjwa wanapenda hivyo. Makapi siku hizi huchomwa moto.

Lakini mtu akikaa karibu na Modesta kwa muda ataona kwamba hamsifu binti yake. Mwalimu wa kwaya akimsifu mbele yake, yeye hubadilisha mazungumzo. Rebeka akimwegemea, huacha nafasi kidogo upande wa pili, kama mtu anayempisha mwingine kwenye benchi. Luhaga humtania kwamba amekuwa mama baridi kama ugali wa jana. Modesta hutabasamu tu.

Kuna siku moja tu alisahau. Ilikuwa mchana, likizo, mlangoni kwao. Rebeka alikaa katikati ya magoti yake akisukwa nywele, anaimba polepole, jua linamwangaza shingoni. Modesta alizidiwa na upendo. Alimkumbatia kwa nguvu, akambusu utosini, akasema, "Mwanangu. Mwanangu wa pekee."

Kitu kilimvuta mkono.

Hakikuvuta kwa hasira ya mtu mzima. Kilivuta kwa kung'ang'ania, kwa kurudiarudia, jinsi mtoto anavyovuta anapoona mwenzake amepakatwa naye ameachwa. Modesta aliijua hali hiyo. Aliijua vizuri kuliko mtu yeyote pale Mkuyuni.

Alimwachia Rebeka taratibu. Kilichokuwa kinavuta kikaacha.

Juu kidogo ya kiwiko chake palikuwa na alama za vidole, zimezama kwenye ngozi, nyekundu bado. Rebeka aligeuka akaziona, akauliza ni nani amemfinya. Modesta alimshika mkono, akauweka juu ya alama zile, kidole juu ya kidole, apime.

Vidole vya Rebeka vilizidi, vyote. Alama zilikuwa za mkono mdogo sana, wa mtoto anayeanza tu kusimama.